Kusahau na Kutambuliwa: Uhakiki wa Filamu ya Katuni "Late Afternoon" kwa Macho ya Nachingwea na Ruangwa

Si desturi ya kurasa hizi kuhakiki sinema, tena sinema ya katuni, ambayo kwa wengi wetu ni kitu cha kuwatuliza watoto wakati wakubwa wana shughuli. Hata hivyo hatuoni sababu ya kuiacha filamu tunayokusudia kuizungumzia hapa. Inamhusu mama mzee aliyepotewa na kumbukumbu, na katika dakika zake chache inagusa swali ambalo mchungaji wa usharika hulikuta nyumbani kwa watu mara nyingi kuliko anavyolikuta vitabuni: mzee asiyemjua tena mwanawe, wala jina la Bwana wake, ni nani mbele ya Mungu? Na je, tumpelekee Meza ya Bwana, au tumpite? Tuliitazama filamu hii pamoja na watu wa Nachingwea, kisha na watu wa Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi, na sehemu kubwa ya tutakayoyasema tunawiwa nao.

Filamu yenyewe yaitwa "Late Afternoon", maana yake alasiri. Ilitengenezwa mwaka 2017 na Louise Bagnall katika studio ya Cartoon Saloon iliyoko Kilkenny, nchini Ayalandi, na mwaka 2019 ilikuwa miongoni mwa filamu fupi tano za katuni zilizoteuliwa kushindania tuzo ya Oscar. Urefu wake ni dakika kama kumi. Mama mzee, jina lake Emily, ameketi kitini. Mwanamke kijana anamletea chai na biskuti, kisha anaendelea na kazi ya kupanga vitu vya nyumba ile katika maboksi. Emily hamjui ni nani. Anachovya biskuti katika chai, na mara anazama: yu mtoto tena ufukweni mwa bahari, yu msichana mwenye hamu ya kuiona dunia, yu mama mwenye mtoto wa kike. Kila mara anarudi kitini, na kila mara kitu kidogo kilichomo chumbani kinamchukua tena. Mwisho wake anatambua kwamba yule mwanamke aliyekuwa akimhudumia ni Kate, binti yake wa kumzaa, nao wanakumbatiana. Habari yote ndiyo hiyo.

Ufundi wake una hekima. Chumba cha leo kimechorwa kwa utulivu. Lakini kumbukumbu zinapokuja, rangi zinaacha mipaka yake na kutiririka kama maji, nazo zinambeba mama yule kama mtu abebwaye na wimbi. Wengi wetu tumezoea kusema juu ya mzee wa namna hii kwamba "hayupo". Bagnall anasema yupo, tena yupo mahali pengi mno kwa wakati mmoja, na taabu yake si utupu bali ni kukosa mlango wa kurudia sebuleni. Msomaji wa Agostino atakumbuka kitabu cha kumi cha Maungamo, ambapo askofu yule wa Hippo anaisifu kumbukumbu kama jumba kubwa lenye kumbi nyingi, na kukiri kwamba hawezi kuifikia yote iliyo ndani yake mwenyewe. Agostino aliyaandika hayo akiwa na akili zake timamu. Filamu hii inatuonyesha jumba hilohilo usiku, taa zikiwaka katika vyumba vichache, na mwenye nyumba akitembea bila kujua ni chumba gani kinachofuata.

Sasa tuje Kusini. Tuliionyesha filamu mara mbili, kwa projekta na shuka jeupe, tukitafsiri maneno yake machache kadiri yalivyokuja. Walutheri katika Nachingwea na Ruangwa ni wachache. Waliokuja wengi wao walikuwa majirani, yaani Waislamu, na Wakristo waliolelewa na misheni kongwe za Kianglikana na za Wabenediktini. Jambo hili lilitufaa, kwa kuwa hapakuwa na aliyejiona analazimika kusema yale ambayo mchungaji angependa kuyasikia. Walicheka palipochekesha. Vijana walishangaa kwamba yule binti anaingia chumbani mwa mzee bila kumwamkia. Baada ya hapo mazungumzo yakawa mazito.

Huko Nachingwea mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo aliuliza: "Huyo binti anafunga mizigo ya nani, na mwenyewe yu hai?" Swali hili lilikaa katikati yetu kwa muda. Mtazamaji wa Ulaya haulizi. Yeye anajua kwamba mzee akifikia hali ile huhamishwa kwenda nyumba ya kutunzia wazee, au kwa mtoto wake, na nyumba yake hufungwa. Filamu haisemi wazi. Inamwachia mtazamaji aelewe kwa desturi ya kwao. Lakini kwetu vitu vya mtu hupangwa, huhesabiwa na kugawanywa baada ya matanga. Kwa macho ya mzee yule, basi, filamu ilikuwa inaonyesha matanga ya mtu aliye hai, akiwa amepewa chai anywe wakati warithi wanakusanya vyombo. Twaona kwamba usomaji huu una haki yake. Kuna namna ya kumhudumia mzee ambayo tayari ni kumzika, na haihitaji nyumba ya kutunzia wazee ili itendeke. Hutendeka hata katika nyumba yenye wajukuu kumi, pale watu wanapozungumza juu ya mzee mbele yake kana kwamba yeye ni kiti, au wanapogawana mikorosho yake akisikia.

Kule Ruangwa mama mmoja alitoa neno fupi zaidi: "Chai imepoa." Alimaanisha kwamba binti yule analeta chai lakini haketi kuinywa pamoja na mama yake. Ni kweli. Kwa sehemu kubwa ya filamu Kate anakuja na kuondoka. Upweke wa Emily umechorwa kama hali ya kawaida ya chumba, kama dirisha au zulia, nayo filamu hailioni kuwa jambo la kuulizwa. Hatumlaumu msanii kwa kuchora nyumba za kwao zilivyo. Tunasema tu kwamba mama wa Ruangwa aliona kitu kilichokuwa kwenye picha.

Lakini tusijisifu upesi. Ni rahisi sana kwa mhubiri wa Kiafrika kuitazama filamu ya namna hii na kuondoka akisema kwamba Wazungu huwatupa wazee wao, na sisi tunao ukoo. Machinga, ambalo ni jina la watu na mahali katika Mkoa huu wa Lindi, leo ni jina la mchuuzi nchi nzima, kwa sababu vijana wa huku wamekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki kwa miaka mingi. Wengi wa wale ambao wangeketi kunywa chai na mama zao wako Kariakoo. Wanaobaki na mzee ni binti mmoja ambaye hakuolewa au aliyeachika, au mjukuu wa darasa la tano. Huyo mjukuu ndiye Kate wetu.

Jambo lililoamsha simulizi nyingi zaidi ni yale maji ya kumbukumbu. Tuliuliza: kama Emily angekuwa wa hapa, angezama wapi? Hakuna aliyetaja bahari. Nachingwea ni mji wenye kumbukumbu za ajabu kwa ukubwa wake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ilisukumwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani, na kabla ya mwaka 1951 kwisha mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kuanguka. Treni iliendelea kwa miaka michache, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa. Baadaye walikuja wapigania uhuru wa Msumbiji, nao FRELIMO wakawa na kambi yao kuu ya mafunzo hapo hata nchi yao ilipopata uhuru mwaka 1975. Mtu aliyekuwa mtoto wakati wa treni, na kijana wakati wa kambi, leo ana umri wa miaka themanini hivi. Mmoja wa waliohudhuria alitusimulia habari za kaka yake, ambaye kila jioni huketi barazani akiwa amevaa viatu, akingoja gari la moshi. Watoto wa jirani humcheka. Yeye huwaambia wasogee, gari linakuja.

Na tena kuna mahame. Msomaji wa mjini huenda amelisahau neno hili: ni mahali palipokuwa na makao, watu wakapahama. Katika miaka ya 1970 watu wengi wa Kusini, kama wa sehemu nyingine za nchi, walihamishwa kutoka makao yao ya zamani na kuwekwa katika vijiji vya ujamaa. Nyumba zilibaki nyuma, pamoja na miembe na makaburi. Mzee anayepotewa na kumbukumbu za karibuni mara nyingi hubaki na zile za mbali, na jioni inapoingia hutaka "kurudi nyumbani". Watoto wake humwambia, "Mama, nyumbani ni hapa." Yeye anajua kwamba si hapa. Huko Ruangwa binti mmoja alieleza kwamba bibi yake hutoka usiku na kukamatwa njiani, na kwamba kijijini imekwisha kusemwa kuwa anakwenda kuwanga. Baada ya filamu, wakati watu wengine wakikunja mikeka, alituambia hivi: "Kumbe bibi anakwenda kwao." Njia anayoishika bibi yule, alisema, ndiyo iendayo kwenye mahame yao.

Kwa neno hilo moja filamu hii imetenda kazi kubwa kuliko semina nyingi. Hatuna haja ya kueleza hapa kwa urefu ni hatari gani inayomkabili mwanamke mzee katika nchi yetu akishatajwa kuwa mchawi. Mauaji ya vikongwe yaliyotokea Usukumani yanajulikana kwa kila msomaji. Hali hii ya kusahau, ambayo waganga wa hospitali huiita dimenshia, ni ugonjwa wa ubongo wenye namna kadhaa. Namna iliyo ya kawaida zaidi inaitwa kwa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani ambaye mwaka 1901 huko Frankfurt alimpokea mgonjwa aliyeitwa Auguste Deter. Alipoombwa kuandika jina lake, mama yule alishindwa kulimaliza. Baada ya kifo chake mwaka 1906 Alzheimer aliuchunguza ubongo wake, akaeleza mabadiliko aliyoyaona ndani yake. Wala mtu asidhani kwamba huu ni ugonjwa wa Ulaya. Uchunguzi uliofanywa katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wapatao 6 katika kila 100 wanao. Mchungaji mwenye wazee hamsini wa umri huo katika usharika wake na ahesabu mwenyewe. Kisha ajiulize ni mara ngapi amesikia, au ameongoza, maombezi ya kumtoa pepo mtu ambaye hana pepo.

Hadi hapa tumeisifu filamu. Lakini sasa hatuna budi kusema mahali ambapo inatupungukia, na hapo ndipo penye shabaha ya makala hii.

Filamu yote imejengwa ili ifike kwenye kutambua. Tunangoja Emily ajue yule kijana ni nani, na anapojua, muziki unainuka, machozi yanatoka, nasi tunaridhika. Kutambua kumekuwa tuzo. Tuseme wazi kwamba mambo ya namna hii hutokea. Wanaotunza wazee hawa wanajua zile dakika za neema ambapo macho yanafunguka na jina linatoka. Lakini wanajua pia kwamba kesho yake hakuna. Wanajua mkojo, na hasira, na kutukanwa na mama uliyemwosha sasa hivi, na usiku usio na usingizi. Kate wa filamu hachoki. Katuni ina uwezo wa kuonyesha lolote, nayo imechagua kutoonyesha hayo. Tatizo si kwamba msanii ametupa faraja, kwa kuwa faraja si dhambi. Tatizo ni kwamba faraja imewekwa mahali pasipoweza kubeba uzito. Ikiwa mwisho wa habari ni mama kumtambua mtoto, basi yule ambaye mama yake hatamtambua tena kamwe habari yake haina mwisho.

Tuilinganishe na filamu nyingine ya katuni juu ya jambo hilihili, "Mémorable", ya Mfaransa Bruno Collet, ya mwaka 2019, iliyopata tuzo kuu ya filamu fupi katika tamasha la Annecy mwaka huohuo. Hapo mzee ni mchoraji, jina lake Louis, na mkewe ni Michelle. Collet alivutwa na habari za mchoraji William Utermohlen, ambaye baada ya kuambiwa mwaka 1995 kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer aliendelea kuchora sura yake mwenyewe, na sura ile ikavunjika kidogo kidogo toka picha hadi picha. Katika "Mémorable" vitu vinalegea na kupoteza umbo, nyuso hazikamatiki, na mwishoni mke mwenyewe anabaki michirizi ya rangi hewani, akicheza na mumewe hata kuyeyuka. Hakuna kutambua. Ni filamu kali zaidi, nasi twaiona kuwa ni ya kweli zaidi. Lakini haikuwa filamu ya kuwapelekea watu wa Nachingwea kwanza, kwa sababu mtazamaji anabaki ndani ya macho ya Louis, na kutoka humo Michelle anatoweka. Yeye hajatoweka. Yuko palepale na nguo za kufua. Filamu ya Collet inajua kupotea. Ile ya Bagnall, pamoja na udhaifu wake, ina mtu mwingine chumbani.

Na mtu huyo ndiye tunayetaka kumtazama. Tangu picha ya kwanza Kate anajua mama yake ni nani. Alileta chai kabla hajajulikana. Kama filamu ingekatika dakika moja mapema, kabla ya kukumbatiana, lile jambo kubwa lingekuwa limekwisha kutendeka, na lingetendeka lote upande wa mtu mmoja. Mtume Paulo, akiwaandikia Wagalatia (4:9), anaanza kusema kwamba wamemjua Mungu, kisha anajisahihisha papo hapo: afadhali iseme kwamba wamejulikana na Mungu. Kujisahihisha huku ni theolojia nzima. Imani yetu inasimama juu ya kujulikana, na kujua kwetu kunafuata nyuma kwa kuchechemea, wakati mwingine kwa mbali sana.

Msomaji atakuwa amekwisha kuwafikiria wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau (Luka 24), nao walikuwa katika alasiri. Walitembea na Bwana saa kadhaa wasimtambue. Macho yao yalipofumbuliwa mezani, alitoweka mbele yao. Tumezoea kuhubiri sura hii kana kwamba kilele chake ni kule kutambua mkate ulipomegwa. Lakini tuangalie kwamba safari nzima, pamoja na kufafanuliwa Maandiko, ilifanyika katika hali ya kutotambua, na hakuna hata hatua moja ya safari hiyo ambayo Bwana hakuwapo. Ikiwa alasiri ya mtu imerefuka kiasi kwamba hafiki mezani, je, tuseme alitembea peke yake?

Hapa John Mbiti anatusaidia na kutusumbua kwa pamoja. Katika kitabu chake juu ya dini za Kiafrika na falsafa, kilichotoka mwaka 1969, alifundisha kwamba marehemu huendelea kuwa hai kwa namna fulani maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika Zamani. Uhai wake unashikwa na kumbukumbu za wengine. Watu wa Nachingwea na Ruangwa walilielewa hilo bila kusoma kitabu. Basi ikiwa twaweza kumshika mtu aliyekwisha kufa, tutashindwaje kumshika aliye hai kwa sababu tu yeye amesahau? Lakini Mbiti anasumbua pia. Kumbukumbu za ukoo nazo hufa, na kabla ya kufa huweza kupotoka. Kijiji kilichomkumbuka bibi kwa mema miaka sabini chaweza kumgeuza mchawi kwa usiku mmoja. Ukoo ni mkono mzuri wa kushikiwa, ila nao ni mkono wa nyama. Nabii Isaya (49:15-16) aliliona hilo alipokubali kwamba hata mama aweza kumsahau mtoto anyonyaye, ndipo akasema juu ya yule asiyesahau, ambaye amewachora watu wake katika vitanga vya mikono yake. Mwanatheolojia wa Uskoti John Swinton, katika kitabu chake cha mwaka 2012 juu ya ugonjwa huu, amelifanya wazo la kuishi katika kumbukumbu za Mungu kuwa msingi wa hoja yake yote. Tunalikubali, tukiongeza tahadhari moja: mjukuu wa darasa la tano aliyechoka asiambiwe kwamba Mungu anamkumbuka bibi, halafu mhubiri akaenda zake. Kumbukumbu ya Mungu katika Biblia hutenda kazi. Mungu alipomkumbuka Nuhu, maji yalipungua.

Sasa tuifikie Meza. Tumesikia toka sharika mbalimbali, ambazo hatuna sababu ya kuzitaja, kwamba mzee akishaanza kusahau hupelekewa Chakula cha Bwana kwa miezi kadhaa, kisha wazee wa kanisa hushauri kwamba iachwe, "kwa kuwa haelewi tena". Wanaoshauri hivyo si watu wabaya. Wanamtaja Paulo katika 1 Wakorintho 11, kwamba mtu ajihoji kabla ya kula, na asipoupambanua mwili anakula hukumu. Tena sisi Walutheri tumejizoeza kupima imani kwa kumbukumbu: mtoto hasimamishwi madhabahuni kupewa kipaimara asipokuwa amekariri Katekisimu Ndogo. Mtu aliyeingia kwa kukariri, je, hatoki kwa kusahau?

Hoja hiyo hatukubaliani nayo, kwa sababu tatu zisizo na uzito sawa. Ile nyepesi ni kwamba Paulo alikuwa akiwakemea watu wenye akili timamu waliokuwa wakila wakashiba huku maskini wakikaa na njaa. Kumtumia dhidi ya bibi asiyeweza kushika kijiko ni kumgeuza. Ya pili ni ile ya Joachim Jeremias, aliyeshauri kwamba neno la ukumbusho katika Meza ya Bwana lielekezwe kwanza kwa Mungu, yaani kwamba Mungu amkumbuke Masihi wake. Wataalamu wengi hawakumfuata, nasi hatutaki kujenga nyumba nzima juu ya nguzo hiyo, ingawa si vibaya kuikumbuka tunapoweka mkate mdomoni mwa mtu asiyeweza kukumbuka lolote.

Sababu nzito ni Ubatizo. Sisi tunabatiza watoto wachanga. Tumewatetea dhidi ya ndugu zetu wanaodai ufahamu kwanza, na silaha tulizotumia tulipewa na Luther. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 anafundisha kwamba imani yangu haiufanyi ubatizo, bali huupokea. Na mwaka mmoja kabla yake, akiandika juu ya wale waliobatiza upya, alikumbusha kwamba Mkristo aliyelala usingizi haikosi imani kwa sababu hajitambui. Nguvu ya hoja hii haiwezi kuwa kwa mtoto wa wiki sita tu, ikakoma kwa mama wa miaka themanini na minne. Ama neno la Mungu linamshika mtu asiyejua kwamba ameshikwa, na hivyo tunabatiza watoto na kuwakomunisha wazee hawa. Ama halimshiki, na hapo turudi kwa wale ndugu tuliobishana nao tukawaombe radhi. Katekisimu Ndogo husema anayestahili ni yule aaminiye kwamba vimetolewa kwa ajili yake. Nani atakayemwambia bibi kwamba ni kwa ajili yake, kama mchungaji amekwisha kumfuta katika ratiba?

Kwa upande wa utendaji tuna machache. Mzee wa namna hii hulegea anaposikia yale ya zamani; basi liturujia isifupishwe kwa kudhani kwamba anachoshwa, na Sala ya Bwana isemwe polepole, kwa maneno aliyojifunza utotoni, hata kama yalikuwa ya Kimwera au Kiyao. Tumewaona watu wasiojua jina la mji walimo wakiimaliza. Asiposema, asilazimishwe. Mtunzaji wake apewe mkate pamoja naye katika ziara ileile, maana wengi wao hawafiki kanisani kwa kukosa wa kumwachia mgonjwa. Na mchungaji aketi. Mama wa Ruangwa amekwisha kutuambia habari ya chai.

Kuhusu filamu, tunaishauri kwa semina za wazee wa kanisa na kwa darasa la uchungaji, ila mwonyeshaji aisimamishe kabla ya kukumbatiana na kuacha watu wazungumze hapo kwa nusu saa, kisha aimalizie. Tulipofanya hivyo mara ya pili, mazungumzo yalikwenda mahali ambapo ya kwanza hayakufika. Yule binti wa bibi anayekwenda mahame aliuliza kama mama yule atamjua mwanawe. Tukamrudishia swali: yeye anaonaje? Akasema hajui, ila kesho ni zamu yake kumwogesha bibi, na angependa mtu aende naye jioni moja wakaone kama ule mwembe ungalipo.